Maswali ya Wasomaji: Kani Inayoelekea Kitovuni Hutoka Wapi?

Barua nyingi zilizoifikia safu hii msimu huu zinahusu mwendo wa duara, mada ambayo wanafunzi wengi wa Kenya wameisoma katika kidato cha nne na wenzao wa Tanzania katika kidato cha tano. Nimezichagua zile ambazo majibu yake yanategemeana, na nimezipanga ili hata msomaji ambaye hajawahi kuisoma mada hii aweze kuanza na ya kwanza na kufuatana nasi hadi mwisho. Katika hesabu zote nimetumia kilogramu, mita na sekunde, na nimechukua mchapuko unaosababishwa na mvutano wa Dunia, unaoandikwa g, kuwa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kitabu chetu kinasema kwamba kitu kinachozunguka kwenye duara kwa mwendokasi usiobadilika kina mchapuko. Nilivyofundishwa, mchapuko ni kuongezeka kwa kasi. Ikiwa kasi haiongezeki wala haipungui, mchapuko huo unatoka wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Machakos)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ugumu wako umetokana na maana finyu ya mchapuko uliyopewa mwanzoni, wakati mifano yote ilihusu magari yanayokwenda kwenye barabara iliyonyooka. Mchapuko ni badiliko la velositi kwa kila sekunde, na velositi ni vekta, yaani ina ukubwa na ina uelekeo. Kitu kikigeuza uelekeo wake, velositi yake imebadilika hata kama spidomita inaonyesha namba ile ile tangu mwanzo wa kona hadi mwisho wake.

Ukubwa wa mchapuko huo unaweza kuupata mwenyewe pasipo kukariri chochote. Chukua kitu kinachokwenda kwa mwendokasi v kwenye duara lenye nusukipenyo r. Katika muda mfupi sana, tuuite t, kitu hicho kinasafiri umbali wa vt kwenye ukingo wa duara, na mstari unaokiunganisha na kitovu unageuka kwa pembe ya vt/r, ikipimwa kwa radiani (yaani urefu wa tao ukigawanywa kwa nusukipenyo). Velositi ya kitu hicho daima inafanya pembe mraba na mstari huo, kwa hiyo nayo inageuka kwa pembe ile ile. Sasa chora velositi kama mshale wenye urefu v: mshale ukigeuka kidogo, ncha yake inasogea kwa kiasi cha v mara pembe ya mgeuko, yaani v²t/r. Hilo ndilo badiliko la velositi. Ligawe kwa muda t, nawe utabaki na v²/r. Ukiuangalia mchoro wako kwa makini utaona pia kwamba ncha ya mshale imesogea upande wa ndani, kuelekea kitovu cha duara, wala haikusogea mbele au nyuma; ndiyo maana mwendokasi umebaki vilevile.

Christiaan Huygens wa Uholanzi alilifikia jibu hili mwaka 1659. Alichapisha matokeo yake mwaka 1673 bila uthibitisho, na uthibitisho wenyewe ulitoka mwaka 1703, akiwa amekwisha kufariki. Kila mchapuko huhitaji kani ya kuusababisha, na kwa kitu chenye tungamo m kani hiyo ni mv²/r. Huygens aliitazama kani hii kama msukumo wa kwenda nje, unaoivuta kamba iliyofungwa kwenye kitu kinachozunguka. Isaac Newton ndiye aliyeugeuza mtazamo huo na kuipa kani jina linalotaja kuelekea kitovuni. Nayaeleza haya kwa sababu swali la kama kani inaelekea ndani au nje, ambalo limo katika barua nyingi nilizozipokea, liliwasumbua hata wale walioiasisi elimu yenyewe.

SWALI: Mwalimu, tulipewa swali la jiwe lenye tungamo la kilogramu 0.5 lililofungwa kwenye uzi wa mita 1, likazungushwa kwenye duara la mlalo huku uzi ukifanya pembe ya nyuzi 30 na mstari wima. Nilichora kani tatu: uzito, mkazo wa uzi, na kani ya kuelekea kitovu. Mwalimu wetu aliifuta ile ya tatu kwa kalamu nyekundu akaninyima alama. Ninawezaje kulifanya swali la mwendo wa duara bila kuichora kani ambayo ndiyo mada yenyewe? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Mbeya)

JIBU: Mwalimu wako alifanya haki, na nitajitahidi kukueleza sababu, kwa kuwa hapa ndipo alama nyingi hupotea kuliko mahali pengine popote katika mada hii.

Nahodha wa timu ya mpira hahesabiwi kuwa mchezaji wa 12. Ni mmoja wa wale 11 aliyevishwa kitambaa. Kani ya kuelekea kitovu nayo haiongezwi kwenye orodha ya kani, kwa maana ni cheo kinachopewa kani ambazo tayari zimo kwenye mchoro. Kwa Mwezi unaoizunguka Dunia, cheo hicho kinashikwa na mvutano wa Dunia. Kwa gari linalokata kona kwenye barabara tambarare kinashikwa na msuguano wa lami na matairi, na kwa nguo zilizo ndani ya mashine ya kufulia inayozunguka kinashikwa na ukuta wa pipa unaozisukuma ndani. Katika swali lako kinashikwa na sehemu moja tu ya mkazo wa uzi.

Tazama kinachotokea ukiing'ang'ania kani yako ya tatu. Tukiuita mkazo wa uzi T, jumla ya kani za mlalo ingekuwa T sin 30 pamoja na mv²/r, nayo ingepaswa kuwa sawa na tungamo mara mchapuko, yaani mv²/r. Ukitoa mv²/r pande zote mbili unabaki na T sin 30 sawa na sifuri, maana yake uzi hauna mkazo wowote. Uzi usio na mkazo hauwezi kulishikilia jiwe hewani, kwa hiyo mchoro wako umejipinga wenyewe. Wapo pia wanafunzi wanaoichora kani hiyo ikielekea nje, kwa imani kwamba lazima kani zote zisawazishane. Hao wanasahau kwamba kani zikisawazishana mchapuko ni sifuri, na kitu kisicho na mchapuko kinakwenda kwenye mstari ulionyooka.

Sasa tulifanye swali. Kani ni mbili tu. Uzito ni 0.5 mara 9.8, yaani nyutoni 4.9, unaelekea chini. Mkazo T unaufuata uzi, kuelekea juu na ndani. Jiwe halipandi wala halishuki, kwa hiyo sehemu ya wima ya mkazo inalingana na uzito: T cos 30 = 4.9, nasi tunapata T kuwa nyutoni 5.66. Sehemu ya mlalo ya mkazo haina kitu cha kuisawazisha. Ukubwa wake ni 5.66 mara sin 30, yaani nyutoni 2.83, na hiyo ndiyo iliyovaa kitambaa. Nusukipenyo ya duara si urefu wa uzi, bali ni 1 mara sin 30, yaani mita 0.5. Tukiandika 2.83 = 0.5v²/0.5 tunapata v² sawa na 2.83, na mwendokasi ni mita 1.68 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua takriban sekunde 1.87.

Kila unapochora mshale wa kani, jiulize ni kitu gani kinachoisababisha kani hiyo: Dunia, uzi, sakafu, hewa, sumaku. Mkazo unasababishwa na uzi na uzito unasababishwa na Dunia. Ile kani yako ya tatu ingesababishwa na nini? Mshale usio na mwenyewe hauna haki ya kubaki kwenye mchoro.

SWALI: Mimi si mwanafunzi, ila husafiri mara kwa mara kwa basi kati ya Dar es Salaam na Iringa. Tukifika kwenye kona za mlima Kitonga nasukumwa kwenye dirisha kwa nguvu ambayo siwezi kuikana, kwa kuwa bega langu huumia. Kijana wangu anayesoma sayansi ananiambia kwamba kani hiyo haipo. Nani kati yetu aliye sahihi? (Msomaji wa Iringa)

JIBU: Ndugu msomaji, bega lako linasema kweli: ipo kani kati yako na dirisha. Kijana wako naye anasema kweli, ila hakukumalizia maelezo. Kani ambayo bega linaihisi ni ya dirisha kukusukuma wewe kuelekea ndani ya kona, wala si ya kitu chochote kukusukuma wewe kuelekea nje.

Jiweke mahali pa mtu aliyesimama kando ya barabara. Basi likianza kukunja kulia, mwili wako bado una velositi ya kwenda mbele moja kwa moja, na hauna sababu ya kuiacha mpaka kitu fulani kiuguse na kuugeuza. Kiti kinakugeuza kidogo kwa msuguano, lakini kisipotosha, basi linageuka na wewe unaendelea na njia yako iliyonyooka hadi ubavu wa kushoto wa basi unapokuja kukukuta. Hapo dirisha linaanza kulisukuma bega lako upande wa kulia, na kwa msukumo huo nawe unakata kona pamoja na abiria wenzako.

Kwa mtu aliye ndani ya basi, anayelichukulia basi kuwa ndio ulimwengu usiosogea, mambo yanaonekana vingine, na wanafizikia wamemruhusu aongeze katika hesabu zake kani ya kutoka kitovuni yenye ukubwa wa mv²/r ili hesabu zikubali. Ruhusa hiyo ni halali kabisa, nayo hutumika katika kazi nyingi za uhandisi. Isipokuwa mtu akishachagua kuhesabu akiwa ndani ya basi, abaki humo mpaka mwisho wa hesabu, na akichagua kusimama barabarani, asiitaje kabisa kani hiyo. Makosa huanza pale mwanafunzi anapouweka mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Kwa kuwa umetaja Kitonga, naomba niende mbali kidogo kuliko ulivyouliza, kwa sababu jambo hili linagusa maisha ya watu. Kwenye kona tambarare, kani pekee inayoweza kuligeuza gari ni msuguano kati ya matairi na lami, na msuguano huo una kikomo: kizigeu cha msuguano, tukiite k, mara uzito wa gari. Kikomo kikifikiwa, kmg = mv²/r, na tungamo la gari linafutika pande zote mbili. Mwendokasi wa juu kabisa unakuwa kipeuo cha pili cha kgr. Tuchukue mfano wa kona yenye nusukipenyo ya mita 50. Lami ikiwa kavu, k ikiwa 0.7, kikomo ni mita 18.5 kwa sekunde, takriban kilomita 67 kwa saa. Mvua ikinyesha na k ikashuka hadi 0.4, kikomo ni mita 14 kwa sekunde, yaani kilomita 50 kwa saa. Kona ni ile ile na dereva ni yule yule, lakini mwendo uliokuwa salama asubuhi unakuwa wa hatari jioni.

Kufutika kwa tungamo kumewafanya baadhi ya watu waamini kwamba mzigo hauna madhara kwenye kona. Hilo si kweli, kwa kuwa gari lina njia mbili za kushindwa kona: kuteleza na kupinduka. Msuguano unatenda chini kabisa, kwenye matairi, ilhali kitovu cha uzito wa gari kiko juu, na kadiri kilivyo juu ndivyo gari linavyoelekea kupindukia nje. Tuseme gari lina upana wa mita 2 kati ya matairi ya kushoto na ya kulia, na mizigo iliyorundikwa juu imekipandisha kitovu cha uzito hadi mita 2 kutoka ardhini. Gari hilo litaanza kunyanyua matairi ya ndani pale v²/r inapofikia nusu ya 9.8. Kwenye kona yetu ya mita 50, huo ni mwendo wa mita 15.7 kwa sekunde, au kilomita 56 kwa saa. Linganisha na kilomita 67 za kuteleza kwenye lami kavu: gari litapinduka kabla halijateleza, na dereva hatapata hata onyo la matairi kuserereka. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba mizigo mizito haifai kupakiwa juu ya paa la basi.

Wahandisi husaidia kwa kuinua ukingo wa nje wa kona, ili kani ya lami inayolisukuma gari juu iwe na sehemu inayoelekea ndani. Msaada huo una mipaka yake. Kona ya mita 50 iliyoinamishwa kwa nyuzi 6 inaligeuza gari bila msuguano wowote kwa mwendo wa kilomita 26 tu kwa saa; kwa mwendo unaozidi hapo, kinachobaki lazima kibebwe na matairi.

SWALI: Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Ninapozungusha ndoo ya maji juu ya kichwa changu, wanafunzi husema maji hayamwagiki kwa sababu kani ya kutoka kitovuni inasawazisha uzito. Niwasahihishe vipi? (Mwalimu, Kisumu)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, waulize kwanza maji yangekwenda wapi kama kweli kani zingesawazishana ndoo ikiwa juu. Pale juu velositi ya maji ni ya mlalo, kwa hiyo yangeendelea kwenye mstari wa mlalo ulionyooka na kuiacha duara. Jibu lenye ukweli huwashangaza wengi: maji yanaanguka. Uzito unaipinda njia yake kuelekea chini, na ndoo nayo inapindwa kuelekea chini pamoja nayo, tena kwa kiasi kile kile au zaidi, kwa hiyo maji hayapati nafasi ya kuachana na ndoo.

Kikomo ni pale uzito peke yake unapotosha kuwa kani ya kuelekea kitovu, mg = mv²/r. Kwa mkono, kamba na ndoo vyenye urefu wa mita 1 kwa pamoja, v ni mita 3.13 kwa sekunde, sawa na mzunguko mmoja kwa sekunde 2. Chini ya hapo uzito unayapinda maji kuliko duara linavyotaka, nayo yanamwagika kichwani.

Waelekeze pia waangalie sehemu ya chini ya duara, ambako uzito unapingana na kamba. Ndoo yenye kilogramu 4 ikizungushwa kwa mwendo huo huo pasipo kubadilika, kamba inavuta nyutoni 78 chini na sifuri juu. Ikiachwa ijizungushe kwa nguvu za uzito wake, pasipo mkono kuisaidia, basi ili ipite juu bila kumwaga lazima iwe na mita 7 kwa sekunde chini, na mkazo hapo unafika nyutoni 235, mara sita ya uzito wake. Kamba ikikatika, mara nyingi itakatikia hapo, na ndoo itaondoka kwa kuufuata mguso wa duara, yaani kwa uelekeo iliokuwa nao wakati huo. Wasimamishe wanafunzi kando, wasiwe mbele yako wala nyuma yako.

SWALI: Nafanya kazi katika maabara ya hospitali. Nikisoma kuhusu mashine yetu ya sentrifuji, inayozungusha mirija ya damu kwa kasi, nakuta fomula mbili za mchapuko. Ya kwanza, v²/r, inaonyesha kwamba nusukipenyo ikiongezeka mchapuko unapungua. Ya pili, ω²r, ambamo ω ni pembe inayogeuka kwa kila sekunde, inaonyesha kwamba nusukipenyo ikiongezeka mchapuko unaongezeka. Haiwezekani zote mbili ziwe kweli. (Msomaji wa Bujumbura)

JIBU: Zote mbili ni kweli, na ni fomula moja, kwa kuwa v ni sawa na ω mara r. Tofauti iko katika kile unachokishikilia kisibadilike. Magari mawili yakienda kwa mwendokasi mmoja kwenye kona mbili, lililo kwenye kona kali ndilo lenye mchapuko mkubwa. Hapo v ni ile ile, na fomula ya kwanza ndiyo inayoongea moja kwa moja. Mirija miwili ikiwa ndani ya sentrifuji moja, yote inamaliza mzunguko kwa muda mmoja. Hapo ω ni ile ile, na sehemu ya mrija iliyo mbali na mhimili ndiyo yenye mchapuko mkubwa, kwa sababu inasafiri umbali mrefu zaidi katika muda huo huo.

Tufanye hesabu ya mashine inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, na mwisho wa mrija uko sentimita 10 kutoka kwenye mhimili. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, na ω ni 50 mara 2π, yaani radiani 314 kwa sekunde. Mchapuko ni 314² mara 0.1, takriban mita 9,870 kwa sekunde kwa sekunde, kama mara 1,000 ya mchapuko wa mvutano wa Dunia. Ukiongeza mizunguko hadi 6,000 mchapuko haupandi mara mbili bali mara nne. Kwa sababu hiyo maelekezo ya kazi yanayotaja mizunguko kwa dakika pekee hayatoshi kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine yenye mkono wa urefu tofauti. Inafaa yataje mchapuko wenyewe.

Seli nyekundu za damu hukusanyika mwisho wa mrija kwa sababu kuzigeuza kwenye duara hilo kunahitaji kani kubwa kuliko ile ambayo majimaji yanayozizunguka yanaweza kuzipa. Zina uzito zaidi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo zinabaki nyuma katika kugeuka na kusogea taratibu kuelekea nje hadi zikutane na kioo, na kioo kikazishikilia.

SWALI: Tunaambiwa kwamba huku kwetu, karibu na ikweta, Dunia inatubeba kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Kwa nini haiturushi angani? Na je, ni kweli kwamba satelaiti ziliwahi kurushwa kutoka bahari ya hapa kwetu kwa sababu hiyo ya mzunguko? (Msomaji wa Malindi)

JIBU: Mwendo huo ni wa kweli: mita 465 kwa sekunde, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Lakini umeona katika majibu yaliyotangulia kwamba mwendokasi peke yake hautoshi. Nusukipenyo nayo ina neno lake, na ya Dunia ni kilomita 6,378 pale ikweta. Gawanya v² kwa r na utapata mchapuko wa mita 0.034 tu kwa sekunde kwa sekunde. Kwa mtu wa kilogramu 70, kani inayotakiwa kumweka kwenye duara hilo ni nyutoni 2.4, ilhali Dunia inamvuta kwa zaidi ya nyutoni 680. Kiasi hicho kidogo kinachukuliwa kutoka kwenye uzito wake, na sakafu inamsukuma juu kwa kinachobaki.

Punguzo hilo dogo lilionekana zamani. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na ikweta katika Amerika ya Kusini, akakuta inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku ikilinganishwa na ilivyokuwa Paris. Sehemu kubwa ya tofauti ya mvutano kati ya ikweta na ncha za Dunia inatokana na mzunguko, na iliyobaki inatokana na umbo la Dunia, ambalo mzunguko huo huo umelifanya litanuke kiunoni.

Ili uzito wako wote utumike kukuzungusha na usibaki hata kidogo wa kuikanyaga sakafu, Dunia ingepaswa kumaliza mzunguko kwa dakika 84 hivi, mara 17 ya mwendo wake wa sasa. Wakati huo mtu wa Malindi angeelea juu ya ardhi, na angekuwa amekwisha kuwa satelaiti.

Na hapo tunafika kwenye swali lako la pili, ambalo jibu lake ni ndiyo. Katika maji ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walijenga jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, jukwaa hilo lilirusha satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilizunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550. Nusukipenyo ya njia yake, ukihesabu kutoka kitovu cha Dunia, ilikuwa kilomita 6,928, na kwa kimo hicho mvutano wa Dunia bado unatoa mchapuko wa mita 8.3 kwa sekunde kwa sekunde. Andika 8.3 = v²/r na utapata mwendo wa kilomita 7.6 kwa sekunde, na muda wa mzunguko wa dakika 96. Zingatia kwamba tungamo la satelaiti halikuingia popote katika hesabu hiyo. Zingatia pia kwamba mvutano huko juu ni zaidi ya asilimia 80 ya ule wa ardhini. Wanaanga wanaozunguka katika vimo hivyo huelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja, jinsi maji na ndoo ya mwalimu wa Kisumu vinavyoanguka pamoja.

Newton alitumia hesabu ya namna hii kwa Mwezi. Ukiwa umbali wa takriban nusukipenyo 60 za Dunia na ukizunguka kwa siku 27.3, mchapuko wake ni mita 0.0027 kwa sekunde kwa sekunde, na hicho ndicho unachokipata ukigawanya 9.8 kwa 60 mara 60.

Faida ya Ngomeni ilikuwa hii: roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo inaondoka ikiwa tayari na mita 464 kwa sekunde ilizopewa na Dunia, kama asilimia 6 ya mwendo ambao Uhuru ilihitaji. Aidha, kwa kuwa jukwaa liko karibu nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, njia ya satelaiti iliweza kulala karibu sawasawa na ikweta pasipo roketi kutumia fueli ya ziada kuigeuza.